Usiliuze Dumbak Kabla ya Idi

Rotterdam, Uholanzi
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Baba yangu mpenzi,

Kabla hata ya salamu, niache niringe kidogo, maana habari hii nikiikalia itanipasua kifua. Mwanao ana bahati ambayo mtaa mzima wa Sokomuhogo hajazaliwa mtu akawa nayo. Dumbak lako, ngoma yako ya mapajani, limeingia kwenye santuri. Si kaseti ya kurikodi barazani, santuri khasa, sahani nyeusi mpya inang'ara kama kiatu cha askari. Kijana mmoja fundi wa muziki, rafiki yangu sana, kaichukua ile kaseti ya harusi ya Dada Zuwena niliyokuja nayo huku, kaliopoa dumbak kutoka ndani yake, kalichanganya na mashine zake, na sasa likipigwa ukumbini Wazungu wanaruka kama sakafu imetiwa moto kwa chini. Maduka yanaiulizia santuri hiyo. Na nani aliyelifikisha dumbak huku? Mie. Yule yule uliyekuwa ukisema hatafika popote kwa sababu ya mdomo wake. Nimefika, Baba, na mdomo nimekuja nao.

Haya sasa, shikamoo. Najua umeitika marahaba huku unatikisa kichwa. Goti linaendeleaje? Bado unalipaka mafuta ya nyonyo, au Mama keshakushinda na ile dawa yake ya karafuu? Na Mama mwenyewe presha vipi, bado anajitilia chumvi mkiwa hamumtazami? Mie mzima, mwili umejaa, isipokuwa baridi ya huku inanipunguza kimo kwa kunikunja. Ukiniona barabarani na makoti yangu utadhani kabati la nguo limetoka kutembea.

Barua ya Dada Zuwena ilinifika wiki hii. Nikaisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaisoma tena nimekaa. Anasema klabu yetu ya taarabu imenunua kinanda cha umeme kutoka Dubai, kina ngoma za kila namna ndani yake, ukibonyeza kidude linatoka dumbak, ukibonyeza chengine linatoka tari. Anasema Bwana Katibu wa klabu alikuja nyumbani na halwa, na mie niliposoma hapo tu nikajua, maana mtu akija na halwa siku isiyo sikukuu ana jambo. Akakaa barazani akakwambia, "Mzee wetu, umetutumikia umri wote. Sasa tunataka ukae kiti cha mbele, uwe mgeni wa heshima. Ngoma zote zimo tumboni mwa kinanda." Na weye, anasema Zuwena, hukubishana naye hata neno. Ulimwambia tu, "Kata halwa, Katibu, usione haya, si umeinunua mwenyewe."

Nilicheka hapo mpaka mwenye nyumba wangu akagonga ukuta. Lakini mstari uliofuata haukunichekesha. Anasema kesho yake ulilitungua dumbak msumarini, ukalifuta vumbi, ukaenda nalo mpaka kwenye lile duka la vitu vya kale linalouzia watalii, na mwenye duka keshalitafutia pahala, baina ya saa ya ukutani isiyokwenda na taa ya meli. Umemwambia atalipata baada ya Idi.

Baba, ndiyo sababu ya barua hii. Usiliuze dumbak. Barua nampa mtu anayepanda ndege kesho kutwa, ikifika mkononi kwako itakuwa Idi bado. Nikuombe tu uisome mpaka mwisho kabla hujaamua, na kama miwani imekuchosha, mpe Zuwena akusomee, lakini mwambie asiruke mistari. Namjua, hurukaruka kutafuta pahala alipotajwa yeye.

Katika mambo ya hizi mashine za ngoma, Baba, mwanao sasa ni bingwa. Hapana mtu Unguja wa kunifundisha. Lakini mashine hizo mie na weye tulijuana nazo zamani, sijui kama unakumbuka. Ni ile miaka ya themanini na kitu, biashara ilipofunguliwa na watu wakaanza kuleta mizigo kutoka Arabuni, Ami Said akatuletea redio kaseti yenye macho mawili makubwa. Sisi vijana wa mtaa tukitandika kadibodi pale uwanjani, tukicheza ule mchezo wa kuzunguka kwa mgongo kama mende aliyepinduka. Umeme ukikatika tulikuwa na betri, na betri zikichoka mwimbaji anageuka jini, sauti inamshuka mpaka tumboni, tunazitoa tunazianika juani juu ya ukuta kama papa mkavu. Mie nilikuwa na glavu moja tu ya mkono wa kulia. Nilijiona.

Alasiri moja ulipita unatoka kusali, ukasimama. Tukadhani utatutawanya. Ukauliza, "Nani mpigaji ngoma huyu?"

Nikakwambia, "Baba, si mtu, ni mashine. Amerika siku hizi ngoma inapigwa na mashine."

Ukavua viatu ukakaa kitako pale pale juu ya kadibodi yetu, ukasikiliza upande mzima wa kaseti mpaka ukajizima wenyewe. Kisha ukasema, "Huyu hachoki. Lakini mbona hanogewi?" Ukavaa viatu ukenda zako.

Wenzangu waliifanyia mzaha sentensi ile wiki nzima. Kila mtu akishindwa kitu anaambiwa mbona hanogewi. Na mie nilicheka nao. Leo ndiyo naiona.

Basi nilipopanda meli nikaondoka, na meli ikanitua hapa Rotterdam, nikakuta mashine ile imekua, imeoa, imezaa, na wajukuu wake wamejaa mji mzima. Hapa Ulaya muziki wa mashine una makabila kama watu. Mkubwa wao anaitwa hausi, ana asili ya watu weusi wa Amerika, na ndugu yake tekno naye vivyo hivyo, alizaliwa kwenye mji wa viwanda vya magari. Wazungu wa huku wakijidai ni wao, mie huwakumbusha, nasimama kama mwalimu. Hausi ni muziki wa adabu, ngoma yake inakwenda dum dum dum dum haipungui haizidi, na juu yake mara nyingi kuna sauti ya mwanamke anarejea neno moja kama anayemwambia mumewe jambo asilolisikia.

Lakini kabila la hapa hapa Rotterdam ni gaba. Baba, nikikwambia gaba, basi fikiri mtu anavunja ukuta wa jirani kwa nyundo na jirani yumo ndani anapiga kelele. Mara ya kwanza niliposikia nilitoka nje kutazama nani anabomolewa. Vijana wake wananyoa vichwa, wanavaa suti za michezo, na ukiwatazama miguu utasema wamekanyaga siafu. Sura zao za kutisha, ila roho zao nyeupe kabisa. Mmoja, jitu la miraba minne, alinisaidia kupandisha spika ghorofani, halafu akaniomba radhi kwa kupumua kwa nguvu.

Na kuna trensi. Huo ungeupenda, kwa vile una subira. Ngoma inaondoka, inabaki sauti kama ya upepo kwenye nyaya, inapanda, inapanda, watu wote wameinua mikono wametazama juu, hapana anayesema neno, wanangoja. Mara ya kwanza nilijiuliza, hawa nimewaona wapi? Nikakumbuka: ni sisi barazani mwezi wa Ramadhani, tende mkononi, tunangoja mzinga ulie. Kisha ngoma inaporomoka na wote wanafuturu pamoja. Na wallahi hata vinywaji vyao vinafanana na vya kufuturia, maana wengi wanakunywa maji tu. Kuna na vidonge wanavyovimeza, hivyo mie siviulizi, na weye usimwambie Mama.

Sasa nikueleze nilivyoingia kazini, maana najua Zuwena amekwambia nnafanya kazi na muziki na weye umesema ananifichia jambo.

Ilikuwa Jumapili alasiri kama hii. Hapa wanaweza kuanza kucheza Jumamosi wakafika Jumapili mchana bado wamo. Mie nilikuwa mgeni, sina mtu, nnafanya kibarua cha kushusha makontena, nikaingia ukumbini kwa sababu tu mlangoni palikuwa na joto. Mle ndani kijana mmoja mrefu mwembamba, anaitwa Kees, amesimama nyuma ya meza yenye sahani mbili za santuri zinazunguka, akiitoa hii anaitia ile, na ngoma haikatiki. Akapiga wimbo wa hausi una mwanamke anaimba. Neno lenyewe nilikuwa silijui, Kiingereza changu unakijua, niliacha shule kabla hakijafika pazuri. Lakini sauti ile, Baba, ilikuwa inavuta mwisho wa neno kama wanavyovuta waimbaji wa klabu yetu, ungesema inateremka ngazi bila ya kushika ukuta.  Sikuwa nimesikia mtu akivuta neno vile tangu nilipoondoka nyumbani.

Sasa mtu wa Unguja akisikia hivyo anafanya nini? Anatunza. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa noti, nikaipachika baina ya vidole viwili, mkono juu, nikaanza kwenda mbele taratibu, bega hili, bega lile, sina haraka, kama Mama anavyokwenda kutunza harusini na kanga yake mpya. Watu wakanipisha. Wakadhani ni mtindo mpya wa kucheza umetoka Afrika. Nikageuka nikaona nyuma yangu mstari mzima wa Waholanzi wameinua vidole viwili, bega hili, bega lile. Ungedhani tunampeleka bwana harusi.

Nikafika mbele. Hapo ndipo nikaingiwa na mashaka. Nimtunze nani? Mwimbaji hayupo. Mpigaji hayupo. Kees mwenyewe kavaa visikizio, hata hanitazami. Nikaangalia nikaona sahani inazunguka, nikasema basi huyu ndiye mwenye sauti. Nikaiweka noti juu ya santuri.

Sindano ikaipanda noti. Ukatoka mlio kama paka kakanyagwa na gari la ng'ombe, na ngoma ikakatika. Baunsa mmoja akanishika ukosi wa koti akaninyanyua kama samaki mnadani. Kees akaiokota noti, akaitazama huku na huku.

"Unataka nikupigie wimbo gani?" akaniuliza. Maana huku ukimpa mpiga santuri pesa, unaagiza wimbo.

Nikamwambia, "Huo huo uliokuwa unaupiga."

"Lakini nilikuwa naupiga."

"Ndiyo maana nimekutunza. Usingekuwa unaupiga ningekutunza kwa nini?"

Akamtazama baunsa, baunsa akamtazama yeye. Kisha Kees akacheka, akaifuta santuri kwa mkono wa shati, akaurejesha wimbo mwanzo, na noti akaipachika juu ya meza mbele yake kila mtu aione. Na wale walionifuata nyuma nao wakaanza kuleta noti, Baba. Waholanzi, watu ambao wakikukaribisha chai wanakuhesabia biskuti. Tangu siku ile Kees akanichukua nimbebee masanduku ya santuri na kumfungia maspika, na kwenye ukumbi ule mpaka leo ukimuuliza mtu nani aliyeleta desturi ya kumtunza mpiga santuri, watakuonyesha mie.

Mwanzo nilidhani kazi ya Kees ni ya uvivu. Hapigi kinanda, hapigi fidla, hatoki jasho. Nikamwambia hivyo hivyo, maana nakujua ungemwambia. Hakukasirika. Akasema, "Kesho mchana usinitazame mikono. Nitazame macho." Nikamtazama. Baba, yule mtu haangalii mashine. Anaangalia mabega ya watu. Akiona wanalegea anawaondolea ngoma wapumue, akiona wamechangamka anawaongeza kidogo kidogo, na kama kuna mtu mmoja pembezoni hajaingia mchezoni, atamtafuta yule mpaka ampate.

Nikamwambia, "Huo ufundi mie naujua. Baba yangu alikuwa akiufanya juu ya dari."

Nikamsimulia ile sakafu ya Bi Thuwaiba, kule Kiponda. Sijui kama weye unaikumbuka kama nnavyoikumbuka mie, kwani kwako ilikuwa kibarua kimoja katika vingi. Dari lake la juu kabisa, la wazi, lilikuwa linavuja, mafundi wakamwaga chokaa na kokoto upya, na Bi Thuwaiba akaita watu wa kupigilia. Wanawake na wanaume wamejipanga mistari miwili juu ya dari, kila mtu na fimbo yake ya kupigilia, jua kali, bahari inaonekana kule mbele, mpiga zumari kwenye pembe moja, na weye umekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa na dumbak mapajani. Mama kalipasha moto ngozi asubuhi kwenye seredani ya makaa, na kama kawaida yake kaitia na udi kidogo, kwa hivyo kila ukipiga lilikuwa linanukia harusi. Ukapiga, nao wakapigilia. Dum dum dum dum. Nyimbo zikaimbwa, matusi ya utani yakaruka mstari huu na ule, chokaa ikawa inajibana taratibu chini ya fimbo. Hausi tupu, Baba. Ulaya nzima inajidai imegundua, na weye ulishaipiga juu ya ndoo.

Siku ya pili Bi Thuwaiba akapanda na kahawa, akachoka kutulisha. Akasema, "Khamis, kaza mkono, hawa watanimalizia unga."

Ukamjibu, "Bibi, nikikaza watapiga kwa hasira. Wakipiga kwa hasira chokaa itapasuka, na masika yakija mvua italala na weye kitandani."

"Mvua si mume wa mtu, Khamis."

"Ndiyo maana nakuhifadhi nayo."

Mistari yote miwili ikavunjika kwa kucheka, hata mpiga zumari akapoteza pumzi. Na hukukaza. Uliangalia yule bibi mzee wa mwisho wa mstari, aliyekuwa amechoka, ukampunguzia. Akipata nguvu unampandisha. Ulikuwa unawafuata wao kuliko wao walivyokuwa wanakufuata. Zuwena ananiambia dari lile mpaka leo halitoi tone.

Kees alinisikiliza mpaka kahawa yake ikapoa. Akasema, "Una sauti yake?" Nikamwambia ninayo. Nilikuwa nayo ile kaseti Ami Said aliyorikodi kwenye harusi ya Zuwena, klabu nzima imo ndani, na pale baada ya shairi la tatu wote wananyamaza weye unapiga peke yako na wanawake wanaanza vigelegele. Kaseti hiyo nimeipiga huku kila baridi ilipoanza. Dada Zuwena alipokuwa ananipa bandarini alisema, "Mie nakaa na Baba mwenyewe. Weye chukua kaseti."

Mchana mmoja tukiwa tunafunga maspika, Kees akaitia kwenye mtambo mkubwa wa ukumbi. Tulikuwa watu watatu: mie, yeye na mama mmoja wa Kisurinamu anayepiga deki. Baba, sijui nikwambieje. Maspika yale ni marefu kuliko mlango wa nyumba yetu. Ulipoanza kupiga nilikusikia mpaka kucha ya kidole cha mwisho inavyokwangua pembe ya ngozi. Nilisikia vigelegele vya Mama, namjua, huvikata katikati kuvuta pumzi. Yule mama wa deki akaacha kupiga deki, akasema, "Huyu nani?" Nikamwambia, "Huyu baba yangu." Akasema, "Anapiga kama anamjua mtu."  Kees alikuwa kafumba macho, kichwa chake kinakwenda, halafu akawa kama amejikwaa, kinakwenda tena. Mwisho akaitoa kaseti akaitia kwenye mfuko wa shati, akasema anakwenda nayo nyumbani kwake kwenye mashine zake, aone.

Sasa nikwambie nnachokuomba. Ukipokea barua hii nenda dukani, mwambie yule bwana umebadilisha nia. Asipokubali mwambie mwanao wa Ulaya kakataza, tia na maneno ya Kiingereza, atakubali. Kisha siku ya mazoezi wende klabu, si kwenye kiti cha mbele. Chukua kiti chako cha zamani, kisogeze karibu na hicho kinanda, na ukae na dumbak lako. Kijana anayekipiga asiogope. Mwambie abonyeze ngoma zake, na weye upige pembeni yake, na mutazame watu wanamfuata nani. Usikichukie kinanda, Baba. Mie nimeishi na mashine hizi, si mbaya, zinakwenda pale zinapopelekwa. Upungufu wao ni kuwa hazijui ukumbini kaja nani. Haziwezi kujua kama leo kaja mjane ana miezi minne hajatoka nyumbani, na kama wimbo huu ni wake. Weye unajua. Ulikuwa ukiwajua wote kwa namna wanavyoinuka kitini. Bwana Katibu akisema neno, mwambie utamkatia halwa.

Salamu zangu zimfikie Mama, mpiga vigelegele wangu, mwambie nala vizuri, na ubani alionipa haujesha, nauchoma siku za Ijumaa na mwenye nyumba anadhani nyumba inaungua. Salamu kwa Dada Zuwena na mumewe fundi seremala, na watoto wao niliowaacha tumboni na sasa nasikia wanajibizana. Ami Said wa Kiembe Samaki, msafiri wetu, aliyetuletea redio kaseti, mwambie mashine aliyoileta yeye ndiyo iliyoniponza nikaja huku, kwa hivyo dhambi tugawane. Na mpiga fidla wenu, mwenzako wa tangu ujana, mwambie na yeye asikae kiti cha mbele.

Baba, barua nilishaikunja. Nimeikunjua tena.

Nimekaa nikakufikiria ukishaisoma. Nakuona umetia kofia, umekwenda barazani, umewaambia wote dumbak lako limo kwenye santuri, Wazungu wanalicheza. Na namuona Katibu anasema, "Haya Mzee, mwambie mwanao ailete tuisikie." Na weye utamjibu italetwa, utaniamini mie mwezi mzima, mwaka mzima, kila anayetoka Ulaya utamuuliza kama kapewa mzigo wako. Hilo siwezi kukufanyia.

Kees alihangaika na kaseti siku nyingi. Alinirudia akaniambia, "Baba yako hatulii pahala pamoja. Mashine inataka mtu anayekanyaga pale pale, na yeye kila akipiga anasogea." Akaikata, akaivuta, akaibana, haikukaa. Katika kuirejesha nyuma na kuipeleka mbele mashine yake ikaumeza utepe. Alinirejeshea umetoka wote nje ya kaseti, umejisokota kama tambi, umekatikakatika kila pahala. Mie nilijaribu kuuunga na gundi. Kees alilia, mie ndiye niliyembembeleza.

Kwa hivyo hivi sasa mkono wako haumo ndani ya kitu chochote duniani ila mkono wako wenyewe. Ndiyo maana nasema usiliuze. Sina sababu kubwa zaidi ya hiyo, nilijitungia moja nikaona haitoshi. Mwambie Zuwena kuhusu kaseti yake, mie sina uso.

Santuri haipo, Baba. Nilikudanganya.

Mwanao,
Suleiman